Kuondoa Harufu ya Uvundo Ndani ya Gari: Mwongozo Kamili

Harufu ya uvundo ndani ya gari ni harufu ya maji yaliyotuama mahali yasipotakiwa. Kuvu na bakteria wanaoitoa hawahitaji mengi: unyevu, joto la kawaida na chakula, na chakula chao ni vumbi, jasho, makombo na nywele zilizonasa kwenye vitambaa. Kitambaa au sponji ikibaki mbichi kwa saa 24 hadi 48, kuvu huanza kuota. Ndiyo maana manukato ya kuning'iniza kwenye kioo hayafui dafu. Yanaongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza, na yakiisha nguvu uvundo uko palepale.

Kazi hii ina mpangilio wake, na ukiuvuruga utairudia. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi, kisha yazibe, kisha kausha, ndipo usafishe. AC ina shughuli yake ya peke yake. Anayeanza kwa kuosha siti huku mvua bado inapenya chini ya kapeti anaongeza maji juu ya maji.

Harufu inatokea wapi, na lini

Funga vioo vyote, uliache gari lilale hivyo usiku mmoja. Asubuhi fungua mlango mmoja na uvute hewa hapohapo. Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache, kwa hiyo ushahidi uko kwenye pumzi mbili tatu za mwanzo. Inama usikie miguuni mbele, upande mmoja kisha wa pili, halafu miguuni nyuma, halafu fungua buti. Pale uvundo unapokuwa mkali ndipo pa kuanzia.

Baada ya hapo washa injini na feni, kisha AC. Uvundo kama wa soksi mbichi unaotoka kwenye matundu ya hewa kwa sekunde za mwanzo halafu ukafifia unatoka kwenye evaporeta, yaani ile sehemu ya AC inayopoza hewa nyuma ya dashibodi. Uvundo ulio palepale muda wote, hata feni ikiwa imezimwa, uko kwenye kapeti, siti au buti. Magari mengi yaliyokaa na tatizo kwa muda mrefu huwa na vyote viwili, maana unyevu wa kapeti huzungushwa na feni hadi kwenye evaporeta.

Si kila harufu mbaya ni uvundo, na nyingine haziondolewi kwa usafi. Harufu tamu inayoambatana na utando wa mafutamafuta ndani ya kioo cha mbele ni kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, inayovuja kwenye redieta ndogo ya hita. Hiyo ni kazi ya fundi, na kulanti ni sumu kwa watoto na wanyama wakiilamba. Harufu ya mayai viza huweza kutoka kwenye betri inayochajiwa kupita kiasi. Harufu ya petroli ndani ya gari maana yake gari lisiwashwe mpaka likaguliwe. Harufu ya mzoga, hasa inayozidi feni ikiwashwa, mara nyingi ni panya aliyefia kwenye boksi la filta ya hewa ya ndani au kwenye feni yenyewe.

Fuata maji

Toa kila kitu: mati za kukanyagia, vitu vya chini ya siti, vya mifuko ya milango, vya kwenye buti, na tairi la akiba. Chini ya tairi la akiba pana shimo la bati ambamo maji yanaweza kutuama kwa miezi bila mtu kuyaona, kwa sababu nani hufungua pale kama hajapata pancha?

Kisha pima kapeti. Kunja tishu nyeupe mara nne, iweke sakafuni, ikandamize kwa ngumi ukiwa umeegemeza uzito wa mwili kwa sekunde 30. Tishu ikitoka na doa la maji, sponji iliyo chini ya kapeti imelowa, hata kama kwa kugusa kwa kiganja kapeti linaonekana kavu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kapeti la gari ni kitambaa chembamba kilichobandikwa juu ya sponji au pamba nzito ya kuzuia kelele, na tabaka hilo la chini linanyonya maji mengi na kuyashikilia. Juu hukauka kwa siku moja. Chini huweza kubaki na maji kwa wiki kadhaa. Pima kila kona, hasa sehemu iliyo chini kabisa karibu na reli za siti.

Maji yenyewe yanasema yanakotoka. Yakiwa safi na yanaonekana baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa, yanaingia kutoka nje. Yakiwa safi lakini yanaonekana siku za jua, AC ikiwa imetumika, ni ya evaporeta ambayo mrija wake wa kutolea maji umeziba. Yakiwa na rangi, yanateleza vidoleni na yana harufu tamu, ni kulanti.

Kumbuka pia kwamba maji hutembea. Yanaweza kuingia kwenye paa, yakashuka ndani ya nguzo ya kioo, yakapita chini ya plastiki ya kizingiti na kutokea miguuni pa abiria wa nyuma. Doa la maji linaonyesha yalipoishia. Kwa hiyo panda nalo kuelekea juu.

Sehemu za kukagua, kwa kuanzia na zinazoleta shida mara nyingi:

Mtaro ulio chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapokaa. Majani yakijaa humo, matundu ya kutolea maji huziba, maji yanapanda na kumwagikia kwenye njia ya hewa ya ndani. Fungua boneti, ondoa majani kwa mkono, kisha mwaga lita moja ya maji taratibu uone kama yanatoka chini karibu na magurudumu ya mbele. Yakibaki yamesimama, tafuta tundu na ulizibue.

Milango. Hapa kuna jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui: maji ya mvua huingia ndani ya mlango kila mara, yakipita pembeni mwa kioo, na hilo ni la kawaida. Yanatakiwa kutokea kwenye matundu madogo yaliyo ukingoni mwa chini wa mlango. Matundu hayo yakizibwa na udongo, mlango unajaa, na ukiufungua unasikia maji yanachezacheza. Yazibue kwa kijiti cha plastiki, si kwa chuma kitakachokwangua rangi na kuanzisha kutu. Nyuma ya paneli ya ndani ya mlango kuna nailoni au sponji nyembamba iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata, na kazi yake ni kuzuia maji hayo yasije upande wa abiria. Aliyefungua paneli kutengeneza spika au kioo akairudisha nailoni bila kuigandisha vizuri, ameacha mlango wazi kwa mvua. Dalili yake ni kapeti kulowa kando ya kizingiti huku mpira wa mlango ukiwa mzima. Dawa ni kusafisha sehemu ya kugandisha kwa spiriti, kuiacha ikauke, na kubandika upya kwa utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata na usiopitisha maji.

Kioo cha paa, kama gari linacho. Chini ya kioo hicho kuna mfereji wenye mirija inayoshuka ndani ya nguzo, mara nyingi minne, mmoja kila kona. Mwaga nusu kikombe cha maji kwenye kona moja na usubiri yatoke chini ya gari. Yasipotoka, pitisha uzi mnene wa nailoni kama wa mashine ya kukatia nyasi, ukiuzungusha polepole. Usipulize kwa kompresa yenye nguvu. Mrija ukichomoka kwenye kiungio chake, maji yote ya paa yatamwagika ndani ya nguzo, na kuurudisha ni lazima kitambaa cha dari kishushwe.

Kwenye buti kagua gasketi za taa za nyuma, mpira wa mlango wa buti, na matundu ya kupitishia hewa yaliyo nyuma ya bampa. Kioo cha mbele kilichowahi kubadilishwa nacho ni mshukiwa: gundi ikikatika sehemu ndogo tu kwenye kona ya juu, maji hushuka nyuma ya dashibodi.

Ukishindwa kuona kwa macho, fanya jaribio la mpira wa maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mlango umefungwa. Wewe mwagia nje kwa maji ya kawaida yasiyo na presha, ukianza chini, kwenye vizingiti, dakika 3 hadi 5 kila sehemu, kisha ukipanda: milango, taa, kioo, paa. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua ni sehemu gani iliyovuja. Mashine ya presha haifai kwa jaribio hili, maana inasukuma maji kupita hata kwenye mipira iliyo mizima. Mbinu nyingine nzuri ni kupaka poda ya mtoto kwenye mpira wa mlango mkavu, kufunga mlango na kumwagia maji. Ukifungua, michirizi ndani ya poda inakuonyesha maji yalipokatiza.

Zibe kabla ya kuendelea. Mpira uliopasuka au kubonyea hubadilishwa. Silikoni iliyopakwa juu yake hubanduka baada ya muda mfupi na kuacha uchafu utakaomsumbua fundi ajaye.

Kukausha, kazi yenye kuhitaji subira

Vuta maji kwanza kwa mashine ya kuvuta yenye uwezo wa kuvuta maji. Isogeze polepole, ukikandamiza mdomo wake kwenye kapeti, na urudie mahali palepale mpaka usione tena matone yakipita. Ile ya kuvuta vumbi tu isitumike kwenye maji, itaungua na inaweza kukurusha kwa umeme. Usipokuwa na mashine, tandika taulo nene zilizo kavu, zikanyage kwa uzito wote, zikamue, urudie.

Sasa kapeti linyanyuliwe. Ng'oa plastiki ya kizingiti kwa kuivuta juu taratibu, kwani nyingi zimeshikwa na klipu tu. Vuta ukingo wa kapeti, na uweke kipande cha mbao cha sentimita 8 hadi 10 kati yake na bati ili hewa ipite chini. Hatua hii haina mbadala kama sponji imelowa. Chini ya mtindo huu wa kapeti mara nyingi kuna tabaka zito lisilopitisha hewa, na unyevu hauwezi kupanda juu hata gari likae juani mwezi mzima.

Kama ni lazima kutoa siti, chukua tahadhari na eabegi, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga. Chini ya siti nyingi kuna nyaya za eabegi na vihisi vya mkanda, na soketi zake kwa kawaida ni za njano. Zima gari, toa waya wa hasi wa betri, subiri angalau dakika 10, ndipo uchomoe soketi. Usiwashe gari soketi zikiwa zimechomolewa, taa ya eabegi itawaka na itahitaji mashine ya fundi kuizima. Usiyejisikia salama na hilo, nyanyua kapeti siti zikiwa mahali pake. Inachukua muda zaidi lakini inawezekana.

Weka feni kwenye mlango mmoja ikipuliza kuelekea chini ya kapeti, na mlango wa upande wa pili uwe wazi. Kama ukibaki wazi siku nzima taa za ndani zitamaliza betri, kwa hiyo zima swichi ya taa, au sukuma kitasa cha kufuli kilicho kwenye ukingo wa mlango kwa bisibisi mpaka kilie kana kwamba mlango umefungwa. Kabla ya kuufunga mlango kweli, vuta mkono wa kufungulia ili kitasa kirudi, vinginevyo utagonga chuma kwa chuma na kukipinda.

Jua linasaidia, lakini jua bila upepo hugeuza gari kuwa chungu cha mvuke. Joto linautoa unyevu kwenye sponji, unapanda, unagota kwenye kioo, na usiku unarudi chini. Milango iwe wazi mchana na ifungwe jioni hewa inapoanza kuwa na umande. Mahali penye mvua za kila siku, mashine ya kukausha hewa iliyowekwa ndani ya gari lililofungwa, waya wake ukipita kwenye upenyo wa kioo, hufanya kazi kuliko feni. Mwaga tangi lake linapojaa. Vikopo vya chumvi ya kalsiamu kloridi vinavyonyonya unyevu vinafaa kwa unyevu mdogo tu, na visimwagike, kwa sababu kimiminika chake hakikauki kwa urahisi na kinakula bati.

Sponji iliyolowa kabisa huchukua siku 3 hadi 7, na wakati mwingine zaidi. Rudia kipimo cha tishu kwa siku mbili mfululizo. Tishu ikitoka kavu siku zote mbili, endelea.

Kuna hali ambayo kukausha ni kupoteza muda: sponji iliyooza, inayokatika vipande vidoleni, yenye madoa meusi yaliyozama ndani, au iliyolowa maji ya mtaro na maji taka. Ikate uitupe, safisha bati, shughulikia kutu, na uweke mpya. Hakuna dawa ya kupulizia inayofika katikati ya sponji ya aina hiyo.

Kusafisha

Vaa glavu na barakoa inayochuja vumbi laini, na milango yote iwe wazi. Kuvu kavu ikisuguliwa hurusha mbegu zake hewani, na mwenye pumu asiwe karibu. Anza kwa kuvuta vumbi kila mahali, ukizisogeza siti mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwisho, maana makombo hujificha kwenye reli.

Kwa siti za kitambaa na kapeti, tengeneza maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Piga povu, tumia povu zaidi kuliko maji, sugua kwa brashi laini eneo la ukubwa wa viganja viwili kwa wakati mmoja, na ufute papo hapo kwa kitambaa kikavu. Penye madoa ya kuvu, changanya mililita 250 za siki nyeupe na mililita 250 za maji kwenye chupa ya kupulizia. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha kama rangi inachuja. Pulizia mpaka kitambaa kiwe na unyevu tu, kisitiririke, acha dakika 15, sugua, futa, kausha kwa feni. Harufu ya siki huondoka siti ikikauka.

Blichi ya klorini usiitumie ndani ya gari. Inababua rangi, inadhoofisha nyuzi na kula metali. Na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu, na ndani ya gari hakuna nafasi ya kuikimbia.

Ngozi haitaki maji mengi. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri na sabuni laini kidogo, kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta maalumu ya ngozi ya siti ikishakauka. Kitambaa cha dari nacho ni dhaifu: kimebandikwa kwa gundi ambayo ikilowa hulegea, na dari ikishaning'inia haibandiki tena kwa urahisi. Futa kwa povu tu, bila kusugua kwa nguvu.

Mikanda ya usalama husahaulika, na inabeba jasho na mvua ya nguo zilizolowa. Vuta mkanda wote mpaka mwisho, ubane kwa klipu karibu na tundu unapotokea ili usirudi ndani, uoshe kwa maji ya sabuni ileile ukipiga brashi kufuata urefu wake, ufute, na uuache nje hivyo mpaka ukauke kabisa. Ukiurudisha ukiwa mbichi, utavundia ndani ya nguzo. Blichi na dawa kali hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda dhaifu hauokoi mtu.

Maziwa, matapishi na mkojo vina namna yake. Sabuni huondoa doa, lakini mafuta na protini zilizozama kwenye sponji hubaki na kuoza upya kila kukiwa na joto. Hapo tumia kisafishaji chenye vimeng'enya (enzaimu), vinavyovunjavunja uchafu huo. Kimwagwe cha kutosha kufika kina kilekile maziwa yalikofika, kiachwe kikiwa na unyevu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha kivutwe kwa mashine. Usitangulize siki wala dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu huvidhoofisha vimeng'enya visifanye kazi.

Baada ya kila kitu kukauka, na si kabla, nyunyiza beking soda: kikombe kimoja kwa sakafu nzima na nusu kikombe kwa kila siti. Isambaze kwa brashi, ilale usiku kucha, kisha ivutwe kwa mashine asubuhi. Ikinyunyizwa kwenye kapeti bichi hugeuka uji, ikikauka inakuwa gamba gumu linaloshika nyuzi. Isichanganywe na beking pauda, ambayo ina wanga ndani yake, na wanga ni chakula cha kuvu. Wala si magadi, ambayo ni makali zaidi na huharibu ngozi na rangi za vitambaa.

AC

Evaporeta hupata umande kama glasi ya maji ya baridi inavyotoka jasho mezani. Umande huo hudondokea kwenye trei na kutoka nje kwa mrija unaopita kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Vumbi lililopita filta hunata kwenye mapezi ya evaporeta, yaani vibati vyake vyembamba, yakiwa na unyevu, na gari likizimwa, giza, joto na ubichi vinakutana mahali pamoja.

Kagua mrija kwanza. Washa AC kwa dakika 15 gari likiwa limesimama, siku yenye unyevu hewani, na uchungulie chini, mara nyingi upande wa abiria wa mbele. Matone yadondoke. Yasipodondoka na kapeti la mbele limelowa, mrija umeziba. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, uzibue kutokea chini kwa uzi wa nailoni au kwa kupuliza upepo mdogo. Waya mkali unaweza kutoboa trei. Mrija uzibuliwe kabla ya kupulizia dawa yoyote, kwa sababu dawa na uchafu itakaoulegeza havitakuwa na pa kutokea, na vitamwagikia miguuni pa abiria.

Kisha toa filta ya hewa ya ndani. Katika magari mengi iko nyuma ya droo ya dashibodi: bonyeza kuta mbili za droo kuelekea ndani, ishushe, fungua kifuniko chembamba cha plastiki. Angalia mshale ulioandikwa ubavuni mwa filta kabla ya kuivuta, maana mpya lazima ielekee uleule mwelekeo wa hewa. Filta nyeusi, yenye majani au iliyolowa haioshwi, inatupwa. Muda wa kubadilisha uko kwenye kitabu cha gari. Mara nyingi ni kila mwaka au kilomita 15,000 hadi 20,000, na mapema zaidi kwa barabara za vumbi.

Filta ikiwa nje, kausha evaporeta: AC izimwe, joto liwekwe juu kabisa, feni ya juu kabisa, hewa ya kutoka nje, vioo wazi, kwa dakika 10. Zima injini. Chukua povu la kusafishia evaporeta lenye mrija mrefu mwembamba, uingize mrija huo kupitia tundu la filta au kwa kupanda na mrija wa kutolea maji, ukielekeza kwenye mapezi. Usilielekeze kwenye mota ya feni wala kwenye nyaya zake. Pulizia huku ukivuta mrija nyuma polepole ili povu lienee, kisha liache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa kawaida dakika 15 hadi 30. Utaona maji ya kahawia yakidondoka chini ya gari, na hiyo ni dalili njema. Washa gari, feni ya chini kwa dakika 5, kisha ya juu kwa dakika 10 vioo vikiwa wazi. Filta mpya iingie mwisho kabisa. Ukiiweka kabla, italowa na utakuwa umenunua uvundo mpya.

Makopo ya dawa ya AC ya kuachia moshi ndani ya gari lililofungwa ni rahisi kutumia lakini hayaondoi tope lililonata kwenye mapezi; yanasaidia kama hatua ya mwisho tu. Mengi yana gesi inayoshika moto, kwa hiyo sigara na cheche ziwe mbali.

Mashine za ozoni nazo zina nafasi ndogo. Ozoni inaharibu molekuli za harufu, lakini pia inaharibu mipira na kuumiza mapafu. Haikaushi sponji. Ikitumika, gari liwe tupu bila mtu wala mnyama, na baada yake milango iachwe wazi kwa muda mrefu kabla ya mtu kuingia.

Gari lililozama

Kama maji ya mafuriko yalipanda juu ya sakafu, usiwashe injini, na usiwashe hata swichi. Magari mengi yana kompyuta ndogo na soketi chini ya siti na chini ya kapeti, na umeme ukipita kwenye soketi yenye maji hula pini zake. Toa waya wa betri, na fundi wa umeme akague kabla ya kazi ya harufu. Maji ya chumvi ni mabaya kuliko yote, kwa kuwa chumvi hubaki na kuendelea kuvuta unyevu hata baada ya kukauka. Bati na nyaya zioshwe kwa maji safi yasiyo na chumvi. Sponji na pamba zote za chini zitupwe.

Baada ya hapo

Dakika 3 hadi 5 kabla ya kufika unakokwenda, zima AC na uache feni ikipuliza kwa hewa ya nje. Evaporeta inakauka kabla gari halijazimwa, na tabia hii moja inazuia sehemu kubwa ya uvundo wa AC kurudi. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kitumike kwenye moshi na vumbi, au kupoza gari haraka, kisha kizimwe. Kikibaki muda wote, unyevu wa pumzi na nguo za abiria hauna pa kutokea.

Mati za raba zinazobana kapeti huficha maji chini yake, kwa hiyo zinyanyue kila unapoosha gari. Nguo za mazoezi, miamvuli na viatu vilivyolowa visilale ndani. Majani ya chini ya wipa ondoa kila unapofungua boneti, na mwanzoni mwa msimu wa mvua pitisha kijiti kwenye matundu ya milango, mwaga maji kwenye kona za kioo cha paa, na ukague shimo la tairi la akiba baada ya mvua kubwa ya kwanza.